Jordan, LeBron na hesabu za kijiweni

Ubishi wa nani bora katika mpira wa kikapu, Michael Jordan au LeBron James, hauishi leo wala kesho, na mimi siutafutii dawa. Tatizo ni hoja zinazotumika humo. Zimerudiwa mno hadi hakuna anayezikagua tena.

"Sita kwa sita, mjadala umefungwa." Kweli, Jordan aliingia fainali sita za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na Chicago Bulls akabeba zote, na LeBron ameshinda 4 kati ya 10. Lakini Jordan alitolewa raundi ya kwanza mwaka 1985, 1986 na 1987, kisha Detroit Pistons wakamfungia njia 1988, 1989 na 1990. Miaka hiyo haimo kwenye "sita kwa sita", kana kwamba kutolewa mapema kuna heshima kuliko kufungwa fainali. LeBron alionja kutolewa raundi ya kwanza mara ya kwanza mwaka 2021, akiwa kwenye msimu wake wa 18. Na kama kipimo ni pete, anayopewa kila bingwa, tuwaache wote wawili tumzungumzie Bill Russell wa Boston Celtics, aliyebeba ubingwa mara 11 ndani ya misimu 13. Hata Robert Horry, ambaye hakuwahi kuteuliwa All-Star, mechi ya nyota wa ligi, ana pete 7. Sijasikia mtu akisema alimzidi Jordan.

"Zamani ulinzi ulikuwa mkali, leo wanacheza laini." Hii ni nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo tamu. Enzi za Jordan beki aliruhusiwa kumwekea mwenye mpira mkono kiunoni na kumsukuma atoke kwenye njia yake. Kuanzia msimu wa 2004–05 waamuzi walibanwa walipulizie filimbi jambo hilo. Wanaoipenda hoja hii huishia hapo. Hawasemi kwamba hadi 2001 ligi ilikataza ulinzi wa kanda, yaani kulinda eneo badala ya mtu: ama umkabe mtu wako, ama uende moja kwa moja kumsaidia mwenzako kumkaba mwenye mpira. Kuzubaa katikati, ukimsubiri nyota aje, lilikuwa kosa. Kwa hiyo makocha waliwapeleka wachezaji wanne upande mmoja, mabeki wao wakalazimika kuwafuata, na nyota akabaki na nusu ya uwanja na mtu mmoja tu wa kumpita. LeBron, aliyeingia NBA baada ya katazo hilo kuondolewa, akiinua kichwa anaona msaada umeshasogea. Kwa hiyo mmoja alisukumwa zaidi, mwingine amezingirwa zaidi. Kipi kigumu? Hapo bishaneni, ni halali yenu.

"LeBron ana pointi nyingi kuliko wote, basi ndiye mfungaji bora." Februari 2023 aliipita rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387. Lakini wastani wa Jordan kwa mechi ni 30.12, na Wilt Chamberlain anamfuata kwa 30.07. Jumla inapima kudumu, wastani unapima makali. Anayevichanganya anatafuta ushindi tu.

"Takwimu zinasema Hakeem Olajuwon ndiye mzuiaji bora wa mitupo katika historia." Zinasema alizuia 3,830, akifuatiwa na Mkongomani Dikembe Mutombo mwenye 3,289. Ila NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973–74. Russell alikuwa ameshastaafu tangu 1969, na Chamberlain ndio kwanza alikuwa ameondoka. Kazi iliyowapa jina haimo kabisa kwenye vitabu vya ligi.

"Jordan alitimuliwa kwenye timu ya shule." Hapana. Alikuwa na miaka 15, akapangwa kwenye timu ya wadogo ya shule ileile ya Laney.

"Aliyechaguliwa mapema ndiye mwenye kipaji." Mtanzania hahitaji kufundishwa hili. Mwaka 2009, kwenye drafti ya NBA ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. James Harden, aliyekuja kuwa nyota, akafuata wa tatu. Stephen Curry, mchezeshaji aliyekuja kuwa nyota naye, alisubiri hadi nafasi ya saba, na kabla yake Minnesota Timberwolves walikuwa na nafasi mbili mfululizo, ya tano na ya sita. Walihitaji mchezeshaji. Wakachukua wachezeshaji wawili, na Curry hakuwa mmoja wao.