Sheria na uandishi bunifu: kwa nini nawashauri wanafunzi wasome vyote viwili

Wanafunzi wa sheria wanaoandika hadithi huniambia habari hiyo kwa kunong'ona. Nyumbani wameambiwa sheria ndiyo kazi, uandishi ni wa kupoteza muda jioni. Mimi ni wakili, nafundisha uandishi wa nyaraka za mahakama, na hadithi fupi sijawahi kuacha kuandika. Jibu langu kwao ni moja: soma vyote viwili, tena kwa wakati mmoja ukiweza. Wakili na mwandishi wote wanashughulika na swali lilelile la jambo gani liwekwe mbele ya msomaji, lianze lipi na lifuate lipi.

Chukua hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa mbele ya sheria kuwa ni ya kweli. Amri ya XIX, kanuni ya 3 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania inamtaka mwapaji aeleze mambo anayoyajua mwenyewe. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Uganda, katika shauri la Matovu, ilifafanua zaidi: kiapo kinasimama badala ya ushahidi wa mdomo, kwa hiyo kisibebe hoja za kisheria, maombi wala hitimisho. Mahakama za Tanzania bado zinalitaja shauri hilo zinapoamuru aya fulani za kiapo ziondolewe.

Mwanafunzi mgeni, akimlalamikia mjibu maombi, yaani mtu anayeshtakiwa kwenye maombi hayo, huandika hivi: "Mjibu maombi alinitendea ukatili mkubwa na kuvunja haki zangu za msingi." Aya ya namna hiyo haina maisha mbele ya wakili wa upande wa pili. Namwambia ajaribu tena, na baada ya kusota kidogo anakuja na hii: "Usiku wa tarehe 4 Machi nilirudi kutoka sokoni nikakuta mjibu maombi ameweka kufuli jipya mlango wa mbele. Mimi na wanangu wawili tulilala barazani kwa jirani hadi asubuhi." Neno ukatili halimo tena. Hakimu atalitamka mwenyewe, moyoni mwake, na likishatoka kwake ni vigumu kumng'oa nalo.

Mwalimu wa uandishi bunifu angemsahihisha vivyo hivyo, ila angetaka kujua zaidi: kwenye kikapu cha sokoni mlikuwa na nini, watoto walijifunika nini. Wakili angeuliza nani mwingine aliliona lile kufuli. Aliyezoea kuulizwa maswali ya pande zote mbili huandika aya ambayo haitikisiki.

Hukumu ninayopenda kuifundisha ni ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoandikwa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Mama mmoja wa Kagera alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Uzee ukamfika, hana wa kumtunza, na mwezi Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mwanaume wa ukoo wake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akidai mauzo hayo ni batili kwa kuwa mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Tangazo la Sheria ya Mila la mwaka 1963 lilikuwa upande wake: mwanamke aliweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie, asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikautengua, na Mahakama Kuu ikakubaliana na Wilaya kwa kusimama juu ya Katiba. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuzisimamia kuanzia 1988, mwaka uleule shamba lilipouzwa.

Nawaomba wanafunzi waandike maelezo ya shauri hili mara mbili, wasiongeze jambo hata moja. Anayemwakilisha mdai huanzia kwenye ukoo: ardhi imepita mikono ya mababu, leo inakwenda kwa mgeni. Anayemwakilisha mama huanzia kwenye uzee na upweke. Mambo ni yaleyale, lakini ukimaliza kusoma karatasi ya kwanza unaona shamba limeibwa, na ukimaliza ya pili unaona mtu anataka kunyimwa chakula. Jaji naye alichagua pa kuanzia. Kabla ya kugusa shamba, alisema rufaa hii inahusu haki za wanawake chini ya Katiba. Kuanzia hapo ule ukoo ulilazimika kujieleza mbele ya Katiba, badala ya mama kujieleza mbele ya ukoo. Wanafasihi wanaita hilo suala la mtazamo na usimulizi. Sisi mawakili tunalifanya kila siku bila kulipa jina, na wengi wetu tunalifanya vibaya kwa sababu hatukufundishwa.

Uandishi wa hadithi nao unafaidika na sheria. Sheria inamdai shahidi aseme aliloliona kwa macho yake. Aliloambiwa na mwingine, aitwe huyo mwingine. Mwandishi akiibeba kanuni hiyo hadi kwenye hadithi, hatathubutu kumfanya mhusika ajue jambo lililotokea chumba asichokuwemo. Kubwa kuliko hilo ni haki ya kusikilizwa. Nasoma miswada mingi ya vijana yenye baba mdogo dhalimu ambaye hapewi hata sentensi moja ya kujitetea. Mpe nafasi yake. Dhuluma inayotetewa kwa hoja nzuri inatisha zaidi.

Kuna mahali hizi kazi mbili zinagombana, na ni vizuri kujua mapema. Ukiandika mkataba, aliyeitwa mpangaji kifungu cha kwanza abaki mpangaji hadi sahihi ya mwisho. Ukimbadilisha akawa mkazi, umefungua mlango wa kesi. Mwalimu wa ushairi atakusifu kwa neno lenye maana tatu. Kwenye mkataba neno hilo litamgharimu mteja wako nyumba.

Kwa Watanzania ipo sababu nyingine. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili siku zote, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa ujumla. Lakini vyuoni sheria tunaisoma kwa Kiingereza. Matokeo yake ni hati za madai zenye Kiswahili kizito, sentensi za mistari minane, ambazo mteja mwenyewe akisomewa haelewi kadai nini. Aliyekaa kwenye darasa la fasihi, akasoma tamthilia na tenzi na kuandika za kwake, ana kitu cha kuipa mahakama ambacho mwenzake hana.

Namna ya kuviunganisha inategemea ulipo. Australia ni jambo la kawaida kusoma sheria na shahada nyingine kwa pamoja. Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo hiyo ya kwanza inaweza kuwa ya uandishi. Hapa kwetu, wengi wanaingia shahada ya sheria moja kwa moja, kisha Shule ya Sheria kwa wanaotaka uwakili. Ushauri wangu ni kuulizia chuoni kwako kama unaruhusiwa kuchukua kozi za hiari za fasihi, au hata kuhudhuria tu ukasikiliza. Andika kwa ratiba, upeleke kazi kwenye mashindano. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ipo. Na usiambiwe kwamba haijawahi kufanyika: Profesa Issa Shivji amefundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo kadhaa na mashairi ameandika.

Jambo moja silegezi: siri ya mteja. Alichokuambia ofisini si chako, hata ukibadilisha jina na mkoa, maana jirani zake watamjua kwa yale mengine. Ukitaka malighafi, ingia TanzLII, hifadhi ya mtandaoni ya hukumu za Tanzania, usome hukumu, ziko wazi na ni bure. Anza na rufaa zilizotoka Mahakama za Mwanzo, za mirathi na mashamba. Soma ushahidi wa kila upande kabla ya kufika kwenye uamuzi, kisha uandike ukurasa mmoja kwa sauti ya yule unayedhani ameshindwa.