Dawa ya asili "imefanyiwa utafiti" maana yake nini? Tuchukue majani ya mpera

Tumbo likianza kuendesha, huku kwetu wengi hawaendi mbali, ni kwenye mpera wa jirani, unachuma yale majani machanga ya juu, wengine wanayatafuna na chumvi kidogo, wengine wanachemsha na kunywa maji yake machungu hivyo hivyo. Siku ya pili au ya tatu tumbo limetulia, na hapo utaambiwa mpera ni dawa na imefanyiwa utafiti. Siku hizi kila jani linalotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp "limefanyiwa utafiti", na sijaona anayeuliza utafiti gani, wakati chini ya hilo neno kuna kazi tofauti kabisa na uzito wake haulingani hata kidogo.

Kuna utafiti wa maabara. Majani yanasagwa, yanakamuliwa, ile juisi inawekwa kwenye kisahani chenye bakteria, wakiacha kuzaliana basi matokeo yanaandikwa. Mpera umepimwa hivi nchi nyingi na kweli unawazuia baadhi ya bakteria wanaosumbua tumbo kama E. coli na Salmonella. Sawa, nakubali, ila kisahani sio utumbo. Ukishakunywa, dawa inakutana na asidi, inakutana na chakula, inachanganyika na maji kibao, kwahiyo kile kiwango kilichowashinda bakteria kwenye kisahani unaweza usikifikie hata ukimaliza sufuria. Alafu watoto wengi wanaharishwa na virusi kama vile vya rota, sasa hapo kuzuia bakteria kunasaidia nini?

Kuna pia utafiti wa panya, wanapewa mafuta ya nyonyo ili waharishe, kundi moja linapewa dawa lingine halipewi, kisha wanahesabu vinyesi. Hapa nao mpera umefanya vizuri, ndani ya majani kuna kitu kinaitwa quercetin ambacho kinalegeza misuli ya utumbo, ndo maana inaaminika unapunguza yale maumivu ya kukatakata.

Lakini swali la mama mwenye mgonjwa ndani sio kuhusu panya, anataka kujua mtu akinywa anapona haraka kuliko asiponywa au la, na hilo swali ni gumu kuliko linavyoonekana kwa sababu moja kubwa, kuharisha kwa kawaida kunaisha kwenyewe. Kwa wengi ni siku chache, mara nyingi haifiki wiki. Na mtu hakimbilii majani tumbo likiwa linaguruma kidogo tu asubuhi, anakimbilia pale hali imekuwa mbaya kweli, yaani kileleni kabisa, na ukishafika kileleni kinachofuata ni kushuka. Kwahiyo chochote utakachokunywa siku hiyo, mpera, ukwaju, maji ya ndimu, kitapata sifa. Yule anayesema "mimi nilikunywa nikapona" hadanganyi, alikunywa kweli na akapona kweli, ila hatujui angepona lini kama asingekunywa, na yeye mwenyewe hawezi kujua maana mwili ni mmoja, hauwezi kunywa na usinywe kwa wakati mmoja.

Ndo maana wanatafutwa watu wengi wenye tatizo lile lile, wanaelezwa, wanakubali kwa hiari yao, alafu inapigwa kura ya bahati nasibu nani aingie kundi gani. Kura ni muhimu sana, ukiacha daktari achague, bila kujua atawapa dawa wale anaoona watapona, au wale waliozidiwa, na hesabu nzima inaharibika. Kundi moja linapata kapsuli za majani, lingine kapsuli za rangi na ukubwa ule ule ambazo hazina dawa. Mgonjwa hajui kapewa ipi, nesi anayempa naye hajui, siri inafunguliwa mwisho. Na kinachohesabiwa kinaamuliwa kabla ya kuanza, mfano masaa mangapi mpaka choo kigumu, sio unamaliza ndo unatafuta kilichokwenda vizuri. Kwa kuharisha, makundi yote mawili yanapewa maji ya ORS (yale ya pakiti ya chumvi na sukari) kama kawaida, hakuna anayeachwa akauke kwa ajili ya utafiti.

Kwa mitishamba hapo kwenye kuficha ndo pagumu, maana majani yana uchungu wake, yana rangi, yana harufu, mtu akionja tu ameshajua. Kapsuli inasaidia.

Kwani hizo kapsuli tupu zina faida gani? Angalia mnanaa. Uholanzi walipima mafuta ya mnanaa kwa watu 190 wenye yale matumbo ya kusokota ya muda mrefu, matokeo yakatoka 2020. Katika kundi lililopewa kapsuli za kufungukia utumbo mwembamba, waliopata nafuu ya maumivu ni karibu asilimia 47. Ukiishia hapo utasema dawa hii hapa, karibu nusu! Ila kwenye kundi la kapsuli tupu nao walipata nafuu asilimia 34, na tofauti iliyobaki haikutosha kusema ni kazi ya mnanaa na sio bahati. Bila lile kundi la pili, ile 47 ingekuwa inauzwa kwenye chupa.

Na mimea inafaulu pia, naomba hili lisikike kwa sababu naumia ninapoona watu wanacheka tiba asili kana kwamba yote ni ushirikina. Kuna mti wa misitu ya Amazon, utomvu wake mwekundu wenyeji wanautumia kwa kuharisha tangu zamani, ukapimwa kwa watu wenye VVU waliokuwa wanaharisha muda mrefu. Walionufaika ni asilimia 17.6 dhidi ya 8 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Sio muujiza, ila tofauti ni ya kweli, na mwishoni mwa 2012 Marekani wakaipitisha kuwa dawa ya hospitali.

Sasa mpera wetu umefika wapi? Mexico, ambako nako wanautumia sana, walipima kapsuli za majani kwa watu wazima wanaoharisha, moja kila baada ya masaa 8 kwa siku 3, na muda wa maumivu ya tumbo ukapungua. Ona vizuri, ni watu wazima, ni maumivu, na ni kapsuli ambayo kiwango cha dawa ndani kimepimwa. Konzi la majani ya nyuma ya nyumba hakuna anayejua lina kiasi gani, jani changa na kuukuu havifanani, na kipimo cha mtu mzima usikishushe kwa kukisia ukampa mtoto.

Tanzania kitu kingine kinachochanganya watu ni ile chupa kuandikwa "imepimwa na Mkemia Mkuu". Kipimo hicho ni cha usalama, kama kuna sumu au uchafu ndani, na nashukuru kipo, ila hakisemi inaponya. Kupima kama inaponya ni kazi ya watu kama Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na inahitaji hela nyingi na miaka.

Kwa hiyo ukitaka kunywa maji ya mpera sikukatazi kama wewe ni mtu mzima na tumbo ni la siku moja mbili, ila ORS iwepo pembeni, pakiti moja kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, maana kinachoua kwenye kuharisha ni kuishiwa maji. Mtoto aongezewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama ameshaacha kuharisha. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, au mtoto amelegea hataki kunywa, hapo ni kituo cha afya siku hiyo hiyo.