Nyumba ya Fauni, Pompeii: Ingia Ukiangalia Chini

Mbele ya mlango wa nyumba hii ya Pompeii, kusini mwa Italia, mgeni hupokewa na sakafu yenyewe. Njiani pameandikwa kwa vijiwe vya rangi neno HAVE, salamu ya Kilatini. Nyumba ilijengwa katika karne ya 2 KK, ikachukua mtaa mzima, karibu mita za mraba 3,000. Jina lake limetokana na sanamu ndogo ya shaba iliyokutwa uani: fauni, kiumbe wa msituni katika imani za Warumi, akicheza.

Uzuri wa mozaiki, yaani picha iliyoundwa kwa vijiwe vya rangi, huanzia chini, pasipoonekana. Mafundi wa Kirumi walitandaza mawe, wakaweka kokoto zilizochanganywa na chokaa, kisha tabaka la vigae vilivyopondwa. Juu kabisa walipaka chokaa laini, wakapachika vijiwe kimoja kimoja kabla haijakauka. Ndiyo maana fundi alipaka kipande kidogo tu, kile alichoweza kukimaliza.

Kazi kubwa kuliko zote humu iligunduliwa tarehe 24 Oktoba 1831: mozaiki ya Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, akipambana na Darius wa Tatu, mfalme wa Uajemi. Inakadiriwa kuwa na vijiwe zaidi ya milioni moja, vya rangi nne za msingi: nyeupe, njano, nyekundu na nyeusi. Wengi humkimbilia Alexander. Mimi huwaomba wageni wamtafute kwanza askari wa Kiajemi aliyeanguka, ambaye uso wake unaonekana ndani ya ngao iliyong'aa kama kioo. Fundi amemfanya mtu ajitazame akifa, kwa vijiwe vya milimita chache!

Kwenye kizingiti cha ukumbi uliokuwa na mozaiki hiyo palikuwa na wanyama wa Mto Nile: kiboko, mamba, nyoka na ndege wa majini. Sioni kuwa ni pambo la kubahatisha. Alexander aliitwaa Misri mwaka 332 KK, na mgeni alilazimika kuuvuka mto huo kwa miguu kabla ya kufika vitani.

Majivu ya volkano ya Vesuvio yaliifunika nyumba mwaka 79 BK. Mwaka 1843 mozaiki ya vita ilihamishiwa Naples, na katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ikatundikwa ukutani. Ukiiona hapo, kumbuka kwamba ilitengenezwa itazamwe kutoka juu. Pompeii kwenyewe, tangu 2005, nakala yake imelazwa sakafuni, pale pale ilipokuwa.