Je, wajua kwa nini lodi wa Uingereza alijenga "Mlima Fuji", ule mlima mrefu wa Japani, shambani kwake?

Wengi Afrika Mashariki wanalijua jina la Egerton kwa sababu ya chuo kikuu cha Njoro, Kenya, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo chini ya Lodi Maurice Egerton. Baba yake, Alan, aliacha kitu tofauti kabisa kwao Tatton Park, shamba la familia huko Cheshire, Uingereza: bustani ya Kijapani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1910.

Mwaka huohuo kulikuwa na maonesho ya Japani na Uingereza huko White City, London, yaliyohudhuriwa na watu zaidi ya milioni 8. Nchi hizo zilikuwa washirika kwa mkataba tangu 1902, na Japani ilikuwa imeishinda Urusi vitani mwaka 1905, hivyo kila mtu alitaka kuijua. Katika maonesho hayo wageni walitembea ndani ya bustani za Kijapani zenyewe. Alan alipendezwa, akataka ya kwake.

Bustani ya fahari alikuwa nayo tayari. Mbele ya jumba la Tatton kuna bustani ya Kiitaliano, yenye vitalu vya maua vilivyopimwa, upande huu ukifanana na ule. Bustani ya namna hiyo hutazamwa kutoka dirishani: mara moja umeimaliza yote, na umeshajua mwenye nyumba ana uwezo gani.

Ya Kijapani haikuonyeshi kila kitu kwa pamoja. Njia inapinda, kichaka kinaziba, ukipiga hatua tatu unaona maji, daraja, kibanda cha chai, kisha hekalu dogo la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani. Kilima kimewekwa mawe meupe kileleni; hiyo ndiyo theluji ya Fuji. Mawe machache tu, lakini ukiyatazama vizuri mlima unauona. Kwangu mimi huo ndio ustadi mkubwa kuliko vitalu vyote vya mbele. Ndiyo maana pia bustani hiyo ilifichwa mbali na jumba, katikati ya miti: zingewekwa pamoja, zingeharibiana.

Huko Marekani nako, tajiri wa reli Henry Huntington alitaka bustani kama hiyo, lakini hakutaka kusubiri miti ikue. Mwaka 1911 alinunua bustani ya chai ya Kijapani iliyoshindwa kibiashara huko Pasadena, akaihamishia kwenye shamba lake la San Marino, nyumba, mimea na mapambo yake.