Mboji si kila kinachotoka bandani

Ukitaka kuanzisha bustani ya mboga hai nyumbani Dar es Salaam, kila mtu atakwambia: tia mboji. Ushauri ni sahihi, maana udongo wetu sehemu nyingi ni kichanga, maji yanapita na rutuba inaondoka nayo. Tatizo linaanza pale unapokwenda kwenye kitalu kando ya barabara ukauziwa kiroba cha kinyesi cha kuku na maranda, bado cha moto ndani, na muuzaji anakiita mboji bila kupepesa macho. Miche ya chainizi inaungua, halafu lawama zinakwenda kwa kilimo hai.

Mboji ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza mpaka huwezi tena kutambua yalikuwa nini. Ni nyeusi, inamomonyoka mkononi, inanukia udongo. Ukiona ganda la ndizi, bado.

Samadi ni kinyesi cha mifugo. Inaweza kuzaa mboji nzuri sana, ila katikati kuna kazi ya wiki kadhaa, na hiyo ndiyo watu wanairuka. Kinyesi kibichi cha kuku kina naitrojeni nyingi. Harufu ile inayokukaba koo ni amonia, na hiyo pamoja na chumvi zake ndiyo inayounguza mizizi. Tena kinaweza kubeba salmonela, wakati mchicha unalala karibu kabisa na udongo.

Kinachotenganisha vitu hivi viwili ni joto. Samadi ikichanganywa na vitu vikavu kama majani ya mwembe au maranda, ikapata maji ya kutosha na hewa, vijidudu vinavyoiozesha hulipandisha joto lundo lote. Kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa mfano, zinataka lundo la kugeuzwageuzwa likae kwenye nyuzi joto 55 hadi 77 kwa siku 15, ligeuzwe angalau mara 5. Hapo vimelea vingi vya magonjwa hufa, na mbegu za magugu pia. Samadi isiyopita humo inaruhusiwa, lakini ifukiwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa inagusana na udongo. Mchicha wa mbegu unang'olewa ndani ya mwezi hivi. Piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo hoja ya kwamba "si ya kiwandani, basi ni hai" haisimami hata mbele ya kanuni zenyewe za kilimo hai.

Kuna jambo jingine ambalo wanaofundisha kutengeneza mboji kwenye ndoo hawalisemi. Joto hilo linahitaji lundo kubwa, karibu mita moja kila upande. Ndoo ya lita 20 haifiki huko. Vitu vitaoza, lakini polepole na bila moto wa kuua vimelea. Kama ua wako ni mdogo, acha kinyesi kabisa. Tumia maganda ya ndizi, mabua ya mchicha na majani makavu mengi. Machicha ya nazi tia kidogo tu na uyafukie, la sivyo panya watahamia kwako. Makumbi usihangaike nayo, yatachukua muda mrefu mno.

Hakuna haja ya kugombana na muuzaji wa kiroba. Fungua, ingiza mkono. Kama ni cha moto na kinanuka amonia, mwambie kwa upole, "Hii bado ni samadi, kaka, nipe bei ya samadi." Kisha, kama una nafasi ya lundo kubwa, ukaichanganye na majani makavu uani, uifunike mvua isiinyeshee, na mbegu za mchicha zisubiri kwenye pakiti.