"Refa Katuonea": Ni Macho Yako au Sauti ya Mtangazaji?

Shabiki wa hoki ya barafuni akisema "nimeona mwenyewe, refa katuonea," anadhani anasimulia alichokiona. Mara nyingi anasimulia alichosikia.

Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, mechi nyingi za msimu wa kawaida hutangazwa na watu wanaoifuata timu moja mwaka mzima, na wengi wao hawafichi mapenzi yao. Tukio ni lile lile: fimbo imepita miguuni, mchezaji kaanguka. Mtangazaji wa upande huu anasema, "Kajiangusha huyo!" Wa upande ule: "Ngwala ya wazi!" Kila shabiki anazima runinga akiwa na hakika yake.

Halafu yaje marudio. Mwendo wa polepole huufanya mgongano wa kufumba na kufumbua uonekane wa makusudi. Waamuzi wawili wenye utepe wa rangi ya chungwa mkononi waliuona mara moja tu, huku wakiteleza, pengine mgongo wa mtu ukiwakinga. Na faulo tuliyoifanya sisi, refa akaiacha? Hiyo hairudiwi mara tatu.

Marefa wanakosea, tena sana. Lakini zima sauti kipindi kimoja kati ya vile vitatu vya mechi, uone hasira yako itabaki kiasi gani.