Je, wajua kwa nini laki saba inamtosha mmoja Tanga na kumshinda mwingine?

Binti wa mama yangu mdogo amepata kazi Tanga, kwenye ofisi moja jirani na bandari. Alinipigia simu akiwa bado Dar, mizigo haijafungwa. "Kaka, wameniwekea laki saba. Nitaishi?"

Nilidhani ni swali jepesi. Mimi ni mtu wa Ngamiani, najua chumba kinapangishwa kiasi gani na fungu la samaki linauzwaje. Nikafungua mdomo nimjibu, nikajikuta namuuliza: utapanga au utafikia kwa mtu? Mama utamtumia ngapi? Na yule mdogo wako wa kidato cha tatu, nani anamlipia? Akakasirika. "Mimi nimekuuliza hela, wewe unaniuliza ukoo."

Sasa kwa hela peke yake swali hilo halijibiki, na si mimi tu niliyeshindwa. Watu wamelikokotoa kwa zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alipitia hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona jambo ambalo leo linabeba jina lake: kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pato lake inavyoishia tumboni. Tajiri anakula zaidi, ndiyo, lakini hawezi kula mara kumi. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu amekaa vizuri kiasi gani, usimuulize mshahara. Muulize katika kila shilingi mia, ngapi zinakwenda sokoni.

Tupime kwetu. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Katika hizo, chakula peke yake ni 33,748. Yaani mtu aliye kwenye mstari huo hasa anatumia zaidi ya theluthi mbili ya fedha yake kula, na kinachobaki ndicho cha kodi, sabuni, nguo, dawa na nauli. Tangu wakati huo bei zimekuwa zikipanda kwa asilimia 3 hadi 4 kila mwaka, hivyo kiasi kilekile leo ni kama 63,000. Chukua baba, mama na watoto watatu. Watoto hawahesabiwi sawa na mtu mzima, kwa hiyo tuseme ni watu wazima wanne: inakuja kama 252,000 kwa mwezi.

Hiyo 252,000 siyo raha. Ni kutohesabiwa fukara kwenye takwimu. Juu yake kuna kima cha chini cha utumishi wa umma, kilichopandishwa Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na hata hizo laki tano hazifiki nyumbani zote, maana mfuko wa pensheni, bima ya afya na kodi ya mapato vinakutana nazo njiani.

Kwa nini basi asiyehesabiwa fukara bado anajiona hana kitu? Mwanauchumi Mskoti, Adam Smith, aliligusa hili mwaka 1776. Alisema mahitaji ya lazima hayaishii kwenye vile visivyokosekana ili mtu asife, bali ni pamoja na vile ambavyo desturi ya mahali imefanya kuvikosa kuwe aibu. Alitoa mfano wa shati la kitani: Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila hilo, lakini kibarua wa Ulaya wa zama zake angeona haya kutoka mbele za watu bila kulivaa. Mimi nikisoma hivyo naona kanzu ya Idd. Naona doti ya khanga ambayo mwanamke hawezi kwenda msibani bila nayo, na bahasha ya mchango wa harusi ya mtu aliyekuchangia wewe mwaka juzi. Jaribu kuishi Tanga mwaka mzima bila kutoa rambirambi, uone nani atakuja kukuzika.

Watafiti wawili, Richard na Martha Anker, wametengeneza njia ya kukokotoa mshahara wa kuishi kwa heshima inayokaribia zaidi maisha ya watu. Wanajumlisha chakula kilicho bora kwa bei za mahali penyewe, nyumba ya hali ya heshima, na mahitaji mengine kama shule, matibabu na usafiri. Kisha wanaongeza kiasi kidogo cha dharura, kwa kawaida asilimia 5, na jumla yote wanaigawa kwa idadi ya watu wanaofanya kazi ndani ya kaya. Naipenda kwa sababu inaanzia sokoni na haianzii ofisini. Ila asilimia 5 ya dharura, kwa anayeishi uswahilini, naona ni mzaha. Kwetu msiba hauitwi dharura, ni matumizi ya kila mwezi.

Utasikia pia watu wakitaja dola 75,000. Hiyo ilitoka kwa watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton mwaka 2010, baada ya kuchambua majibu zaidi ya 450,000 ya Wamarekani. Walisema furaha ya siku hadi siku haiongezeki tena pato likishavuka hapo kwa mwaka. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, alitumia programu ya simu kuwauliza watu wanajisikiaje saa hiyohiyo, akakuta furaha inaendelea kupanda tu. Mwaka 2023 yeye na Kahneman, pamoja na Barbara Mellers, walikaa na data zao wakapatana: kwa walio wengi fedha inaendelea kuongeza furaha, na ni wale wasio na furaha tangu mwanzo ambao kwao inagota kwenye kama dola 100,000. Inaonekana kuna huzuni zisizonunulika.

Ukizigeuza dola 75,000 kwa shilingi 2,500 unapata zaidi ya milioni 15 na nusu kwa mwezi, na hapo ndipo watu wanapocheka na kufunga mjadala. Lakini hesabu ya kugeuza fedha moja kwa moja inadanganya. Kinyozi wa Makorora na kinyozi wa Chicago wanakata nywele zilezile, ila wa Makorora analipwa kwa kipimo cha mishahara ya Makorora. Chumba, mama ntilie, fundi cherehani, machungwa ya Muheza: vyote vinafuata bei za hapa. Petroli, simu na vipuri vinafuata bei za dunia. Kwa hiyo mtu wa Tanga anayekula vya Tanga, shilingi yake inakwenda mbali kuliko dola inavyoonyesha. Akianza kutamani vya meli, inamfia mkononi.

Hayo yote bado hayamalizi kesi ya mdogo wangu, kwa sababu yanazungumzia mwezi wa wastani. Nani aliwahi kuishi mwezi wa wastani?

Nenda Sahare ukaongee na mvuvi wa dagaa. Tuseme kwa mwaka anaingiza milioni 6, sawa na laki tano kwa mwezi, kama yule mtumishi wa umma wa kima cha chini. Kwenye karatasi wako sawa. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwaka anakaa pwani akishona nyavu. Kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, kuna siku nyingi chombo hakitoki kabisa. Siku hizo anakula kwa tajiri wa chombo. Bahari ikitulia, deni analilipa kwa dagaa, kwa bei anayoitaja tajiri. Yule mtumishi naye, kwa laki tano zilezile, anakopesheka dukani kwa sababu muuza duka anajua tarehe ya mshahara. Pato moja, maisha mawili tofauti kabisa. Uhakika nao ni fedha, ila hauandikwi kwenye hesabu.

Tena kukosa akiba kunafanya vitu viwe ghali. Jirani yangu hununua mkaa wa kopo, wa 2,000, kila siku. Gunia la 60,000 lingemkalia siku 40. Katika siku hizo 40 anatumia 80,000, yaani anatozwa 20,000 za ziada kwa kosa la kutokuwa na 60,000 kwa mkupuo. Mafuta ya kula ya kupima ni vivyo hivyo, na sukari ya robo. Kodi ya nyumba ndiyo kubwa kuliko zote, maana wenye nyumba wengi wanataka ya miezi sita mbele, na asiyekuwa nayo anaishia kukopa. Sizungumzii mikopo ya benki. Nazungumzia ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Ndiyo maana laki ya kwanza ya akiba ina nguvu kuliko laki yoyote inayoifuata. Inakutoa kwenye kopo inakupeleka kwenye gunia. Mtu anayepata laki nne na ana akiba ya miezi mitatu kabatini, kwenye kikoba au kwenye simu, mimi namhesabu amekaa vizuri kuliko wa laki nane anayefika tarehe 20 akiwa anakopa. Wengine watabisha.

Kuna na watu wenye pato la kimyakimya ambalo mshahara haulionyeshi. Kijana aliyerithi chumba katika nyumba ya babu yake Ngamiani, hata kama paa linavuja na ndugu sita wanadai haki humo, hana kodi ya nyumba. Mwenye shamba la muhogo na minazi kumi Pongwe hanunui nazi. Hawa ukiwauliza wanaishije kwa laki tatu, hata wenyewe hawawezi kukueleza.

Upande wa pili wapo wanaopandishiwa kipimo na majirani. Mchumi Richard Easterlin alieleza mwaka 1974 kwamba watu hulinganisha pato lao na la walio karibu nao, si na la wazee wao, na kwa hiyo nchi nzima inaweza kutajirika bila watu wake kujiona wameridhika. Tanga tunalijua hilo kwa macho siku hizi. Bandari imeongezwa kina, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa Chongoleani. Wameingia watu wenye mishahara ya kimradi. Mtu aliyekuwa bwana mtaani kwake kwa milioni moja anaanza kujiangalia upya.

Basi nikampigia mdogo wangu, nikamwambia achukue kalamu.

Laki saba hazifiki mkononi zote. Mfuko wa hifadhi ya jamii kwa mwajiriwa wa sekta binafsi unachukua asilimia 10, yaani 70,000. Inabaki 630,000 ya kutozwa kodi: shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi ni asilimia 20. Inakuja 42,000. Mkononi zinafika 588,000.

Chumba na sebule, tuweke 80,000. Chakula 7,000 kwa siku, 210,000. Umeme, maji na gesi 40,000. Hapo nikamwonya kuhusu friji na feni, kwa sababu joto la Tanga ni la jasho, na mteja mdogo wa umeme akivuka uniti 75 kwa mwezi bei inapanda sana. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi kazini na mizunguko yake, 60,000. Simu 20,000. Mama yake 80,000. Michango na rambirambi 30,000, na hapo nimejibana. Jumla 520,000. Inabaki 68,000.

"Si unaona inabaki!" akasema.

Nikamwambia aendelee kuandika. Matumizi ya miezi mitatu ni 1,560,000. Kwa kuweka 68,000 kila mwezi, akiba hiyo itamchukua miezi 23, kwa sharti kwamba hakuna atakayeugua, hakuna atakayeoa, na mdogo wake wa kidato cha tatu hatahitaji viatu. Ada imefutwa kwenye shule za serikali tangu 2016, lakini viatu havijafutwa. Na siku anayoshuka pale stendi ya Kange atadaiwa 480,000 za kodi ya miezi sita kabla hajanunua hata godoro.

Akanyamaza. Nilisikia anachora mistari kwenye karatasi.

"Hiyo nauli," akasema. "Kutoka Ngamiani mpaka bandarini kuna mlima?"

Hakuna mlima. Mji wetu umelala tambarare, ndiyo maana wanawake wa Tanga wanaendesha baiskeli na baibui zao bila mtu kugeuka kuangalia. Akakokotoa upya mwenyewe: bila nauli matumizi yanashuka hadi 460,000, kinachobaki kinakuwa 128,000, na akiba ya miezi mitatu inapatikana kwa miezi 11.

"Kaka, baiskeli nzuri ya mtumba hapo kwenu shilingi ngapi?"